Aliyeitika kwa Jina Langu

Watu wakitaka kusimulia kitu cha namna hii huanza kwa kusema walisikia kwa shemeji, na shemeji alisikia kwa dereva wa kamioni. Mimi sikusikia kwa mtu. Nilikuwepo kwa miguu yangu, jua lilikuwa bado halijazama sawasawa, sikuwa nimekunywa kitu wala sikuwa na homa, na mwenzangu tuliyekuwa naye yuko hai hadi leo. Anaitwa Faida, anauza samaki wakavu karibu na bandari ya Kalemie. Ukimkuta, muulize habari ya shamba la mandarini. Atakataa kuongea. Hapo utajua sidanganyi, maana huyo Faida hajawahi kukataa kuongea jambo lingine lolote hapa duniani.

Ilikuwa msimu wa machenza, ambayo sisi huku tunayaita mandarini. Kiangazi kikiingia, mashamba ya kwenye vilima nyuma ya mji hutafuta wachumaji, na sisi tuliokimbia vita upande wa Nyunzu tukabaki Kalemie tulikuwa wa kwanza kujipanga. Hakuna aliyetulazimisha. Njaa haina haja ya kulazimisha mtu, inakaa tu pembeni yako mpaka uinuke.

Nami nilikuwa na mama. Macho yake yalianza kuharibika tukiwa bado njiani, kwa vumbi na kwa kulia, na tulipofika mjini alikuwa anaona mwanga na kivuli basi. Labda hujui, lakini mtu asiyeona anaishi kwa kuita. Akiamka anaita. Sufuria ikianguka anaita. Mama aliita jina langu kutwa nzima, si kwamba anataka kitu, anataka tu kujua niko upande gani. Namjibu, "Niko, mama," naye anatulia. Jina lenyewe lilikuwa la mama yake mzazi, na alikuwa akilitamka taratibu kama mtu anayeonja chumvi ya mboga. Sijamsikia mtu mwingine akilitamka vile. Kwenda shambani kulimaanisha kumwacha kwa jirani wetu mpaka Jumamosi, na kila Jumatatu nilipoondoka nilimsikia akiniita mpaka nikate kona ya kisima.

Shamba lilikuwa la tajiri mmoja ambaye hatukumwona hata kisigino. Miti yake ilipandwa enzi za wakoloni, na kwa kuwa hakuna aliyeipogoa kwa miaka mingi, ilikuwa imerefuka kupita kiasi na kufungamana majani. Machenza mazuri yote yalikuwa juu. Kwa hiyo tulichuma wawili wawili. Mmoja anapanda, tunamwita wa juu, ana kitunga chenye kamba ndefu. Kikijaa anakishusha. Mwenzake, wa chini, anamwaga kwenye gunia na kuvuta kamba, na wa juu anakipandisha tena. Wa juu hamwoni wa chini kabisa, majani yanaziba. Wanajuana kwa kamba. Na wakati wa kushuka, wa chini anashika mguu wa mwenzake na kuuweka kwenye tawi la mwisho, kisha ardhini, kwa sababu anayeshuka anakuja kinyumenyume na miiba ya mchenza haina huruma.

Kiongozi wetu, kapita, alikuwa Papa Kisimba, mtu mrefu aliyevaa koti la mvua hata kiangazi. Siku ya kwanza kabisa alitusimamisha pale kwenye kibanda cha kupangia matunda akatupa sheria yake, kwa Kiswahili chetu cha huku, ambako ndiye husemwa njo.

"Mukimaliza muti, wa juu anauliza: njo nani hapo chini? Wa chini anasema jina yake. Halafu njo unashuka," alisema. "Hapana kumusaidia. Hapana kusema, njo weye fulani? Unauliza, unanyamaza. Acha aseme ye mwenyewe."

"Na kama ni bubu, Papa?" Faida akauliza.

"Kama ni bubu, utalala mu muti."

Watu tulicheka. Tulidhani ni mambo ya wezi, kwamba mtu asije akajifanya mwenzako akaondoka na gunia lako. Ilikuwa na maana yake, basi tukaifuata. Kila jioni ungesikia shamba zima likiuliza na kujibu, huku na huku, sauti za watu waliochoka. Njo nani hapo chini? Njo miye Sofia. Njo nani? Njo miye Kalunga. Nilipenda kusikia vile. Nadhani ni pale tu kwa siku nzima ambapo mtu alikumbuka kwamba yeye ni mtu na si mkono wa kuchuma.

Faida alikuwa wa juu wangu. Alipanda kama aliyezaliwa huko, na hali mwili wake si wa kupanda, alikuwa na makalio ya kuketi kwenye harusi. Mimi urefu unanitia kizunguzungu. Tulizoeana haraka. Akiniuliza njo nani, nilijibu kwa madaha, "Njo miye bibi wa gavana," anacheka huko juu mpaka machenza yanadondoka, kisha nasema jina langu sawasawa naye anashuka. Lakini wiki zilivyokwenda mchezo uliisha. Ukichoka, hata mdomo unauonea uvivu.

Siku yenyewe ilikuwa mwisho wa msimu. Watu walikuwa wanachoma nyasi vilimani, moshi ulikuwa umeshuka mpaka chini, ziwa halikuonekana na jua lilikuwa jekundu, unaweza kulitazama bila kufumba. Tulikuwa kwenye mti wa pembeni kabisa, upande wa kijito, ambako kapita hakupenda kupeleka watu. Hakutukataza. Alisema tu kule majani ni marefu. Faida ndiye aliyeuona ule mti kwa mbali ukiwa umejaa, na Faida akiona mti umejaa huwezi kumzungumzisha tena.

Maji yetu yaliisha. Koo langu lilikuwa limekauka kwa moshi, sauti imekwaruzika. Nikamwita huko juu.

"Faida, ninaenda kuchota mayi. Usishuke mupaka nirudi."

"Enda," alisema. "Lakini usikawie, miguu yangu imekufa."

Nikachukua kidumu nikaenda kijitoni. Sikukawia. Nakuambia hili kwa sababu Faida alikuja kusema baadaye kwamba nilikawia, na si kweli. Nilijaza, nikanawa uso, nikarudi.

Nikiwa bado kwenye majani marefu nilisikia kamba ikikwaruza tawi. Kitunga kilikuwa kinashuka. Kisha kimya kidogo, kisha kikapanda. Nikasimama. Kama mimi niko hapa, nani anamwaga? Nilijijibu mwenyewe kwamba kapita ametuma mtu atusaidie, na kusema kweli nilifurahi. Ndivyo akili ya mtu aliyechoka ilivyo, inapenda jibu jepesi.

Nikamsikia Faida huko juu. Hakuuliza kama alivyofundishwa. Alisema kwa uvivu, huku labda amekwisha kuegemea shina kutafuta mahali pa kukanyaga, "Njo weye?" na akaongeza jina langu, zima, bila kulikata.

Sauti ikajibu chini ya mti, "Njo miye."

Umewahi kusikia sauti yako mwenyewe kwenye simu? Unaikataa, unasema hiyo si mimi. Hii sikuweza kuikataa. Ilikuwa sauti yangu ninavyoisikia nikiwa ndani ya mwili wangu, pamoja na kule kukwaruzika kwa moshi. Nilijishika koo. Niamini, nilijishika koo nione kama ni mimi niliyesema.

Nikasogeza majani nikamwona. Mwanamke, amenipa mgongo, gauni limefifia hata huwezi kutaja rangi yake, kitambaa kichwani. Alikuwa ameinua mikono yote miwili na ameshika mguu wa Faida, anauweka kwenye tawi kwa uangalifu, kama nifanyavyo mimi. Hakukosea hata kidogo. Ilikuwa kazi ya mtu aliyeifanya maisha yake yote. Alipouweka mguu ardhini aliachia, akageuka, akaniona.

Ungependa nikuambie alikuwa na uso wangu? Hapana. Alikuwa na uso wake, wa mwanamke wa makamo, mashavu yana alama za miiba. Hakuwa na hasira. Alinitazama kama mtu aliyekuwa anangoja habari kwa muda mrefu na habari imefika. Kisha akaniuliza, polepole, kwa sauti yangu, "Na weye, njo nani?"

Swali la kila jioni. Nikafungua mdomo nijibu. Sikupata kitu. Usidhani nilisahau, maana ukisahau neno unajua lilikuwa na ukubwa gani, unalitafuta pale lilipokuwa. Mimi sikuwa na pa kutafuta. Nilisimama na kidumu cha maji, mtu mzima mwenye mama yake Kalemie, nikawa sina la kusema kuhusu mimi mwenyewe. Yule mwanamke akatikisa kichwa kidogo, kwa huruma hasa, akaingia katikati ya miti akaenda zake bila haraka, kama mtu anayetoka kazini.

Faida alikuwa ameshuka kinyumenyume, na muda huo wote alikuwa bado ameelekea shina akinasua gauni kwenye miiba, kwa hiyo hakumwona. Aligeuka akicheka, mikono inapangusa gauni, akakuta hakuna mtu. Ndipo akaniona kule mbali.

"Umefika pale saa ngapi?" akauliza.

Nilinyoosha kidole kuelekea miti.

"Nakuuliza. Kama uko pale, njo nani alinishika muguu?"

 Kidumu kiliniinama mkononi, maji yakamwagika miguuni. Faida alipoona hali yangu aliogopa, akafanya kile ambacho ningefanya hata mimi, akaniita kwa nguvu, kwa jina, kama unavyomwamsha mwenzako anayeota.

Kutoka ndani ya miti, upande wa kijito, sauti ikaitika, "Niko."

Tulikimbia. Tuliacha gunia, kitunga, kidumu, na sandale yangu moja. Kwa mara ya kwanza Faida alikimbia bila kusema kitu.

Tulimkuta Papa Kisimba ameketi mbele ya kibanda anamenya muhogo. Alitutazama, akaweka kisu chini. Hakuuliza kumetokea nini. Alimwuliza Faida peke yake, "Ulimupa jina?"

Faida akaanza kulia.

"Si niliwaambia," kapita alisema, lakini hakusema kwa ukali. Akatusogezea kibao tukae, akatueleza, na alieleza kama mtu anayesema habari za ukoo wake. "Zamani wenye shamba walikuwa wanaleta watu toka mbali, kuchuma. Wakikufa, wanawazika palepale chini ya miti, bila musalaba. Walikuwa wanawaita kwa namba tu. Hata wenzao hawakujua majina yao. Kwao hawakurudi, na hapa hakuna mwenye anawakumbuka. Basi wako mule. Hawaumizake mutu. Wanatafuta jina."

"Lakini alisema njo miye," Faida akasema. "Ningejua namna gani?"

"Angesema nini ingine? Weye njo ulimuletea jina, yeye aliitika tu. Ungeuliza na kunyamaza, angenyamaza pia. Hana ya kusema."

Nilimwuliza kapita, yule mwanamke atafanya nini na jina langu. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yangu ya kwanza tangu kijitoni, na yalitoka kwa shida.

Papa Kisimba aliniangalia. "Ile jina, nani anaiita kila siku?"

"Mama yangu," nikasema. "Haonake."

Alivua kofia yake akaiweka gotini. "Kesho asubui uende kwa mama yako. Akikuita, na ukisikia huyu ameitika, weye usiitike naye. Nyamaza. Sauti mbili kwa jina moja, haikaake vizuri, mumoja atachukuliwa."

Asubuhi watu walikwenda kuleta gunia letu. Lilikuwa limejaa hadi mdomoni, limefungwa vizuri, na kila chenza ndani yake lilikuwa limekatwa na kikonyo chake na jani lake juu. Sisi hatuchumi hivyo, tunanyonga tu na kutupa kitungani. Papa Kisimba alisema baba yake alikuwa akichuma hivyo, zamani zile matunda yakipelekwa mbali kwa treni, ili yafike yakiwa bado mazuri. Hakuna mchumaji aliyetaka kugusa gunia lile. Nami nilipanda kamioni nikarudi Kalemie nikiwa na sandale moja.

Nilimkuta mama ameketi kwenye mkeka barazani. Nilimwambia nimerudi, akanipapasa uso, akacheka, akasema ninanuka machenza. Mchana mzima aliniita, jina likanirudia, nami nikaitika, na kila nilipoitika nililia kwa furaha. Nikasema moyoni, mambo ya Papa Kisimba nimeyaacha hukohuko shambani. Nilikaa mbele ya mama, nikaanza kuponda sombe, majani ya muhogo ya mboga. Jua likaelekea kuzama. Mama akaniita, hivi tu, kwa mazoea.

"Niko, mama." Ilitoka nje, upande wa migomba.

Mchi ulinikaa mkononi. Mama alitulia, akajiegemeza ukutani, uso wake umeridhika. Nikamshika mkono.

"Mama, miye niko hapa."

"Najua, mutoto," alisema. "Si umeshaitika?"

Tangu siku ile ikawa hivyo, jioni kwa jioni, jua likizama. Nilijaribu kila kitu, usidhani nilikaa tu. Katekista wa mtaa wetu alikuja akasali, akanyunyiza maji kwenye migomba, akashauri watu waniite kwa jina jingine kwa muda. Majirani hawakuwa na shida, wao kazi yao ni kuwapa watu majina, wakaanza kuniita Mama Mandarini, na mpaka leo ndivyo ninavyoitwa sokoni. Ndiyo maana hata wewe sijakutajia jina langu, na sitakutajia.

Lakini mama alikataa. Nilimweleza yote, kuanzia kijito hadi kwa kapita. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Ile jina ni ya mama yangu," alisema. "Alikufa mu njia ya Nyunzu, hatukuweza hata kumuzika vizuri. Ukitaka niiache, nitamuita wapi?"

 Sikumwomba tena aliache.

Kwa hiyo nikajifunza kunyamaza. Hebu fikiri, mzazi wako anakuita, uko hatua chache tu kutoka kwake, nawe unafunga mdomo ili mwingine aitike. Hofu ilipungua, sikufichi, mtu huzoea hata nyoka wa kwenye paa. Kilichobaki kilikuwa kibaya zaidi. Nilikuwa na wivu. Mimi nilikuwa na soko, maji, kuni na kodi ya nyumba, narudi nimechoka, najibu mama kwa mkato. Yule hakuchoka. Ilifika wakati nikitoka sokoni magharibi namsikia mama barazani akisimulia habari za bibi, za mashamba yetu ya karanga, anacheka, ananyamaza kama anayesikiliza, anasimulia tena. Nikifika nakuta yuko peke yake na mkeka. Anaponiambia, "Leo tumeongea vizuri," naingia jikoni nalia juu ya moto. Habari zile mimi sikuwahi kumwuliza. Yule alimwuliza zote.

Nilimkasirikia Faida pia. Alikuja nyumbani mara nyingi kuomba msamaha, na mara nyingi nilimfukuza, ingawa nilijua ni uchovu tu uliomsemesha. Siku moja alikuja jua likizama, akamkuta mama akiita na kuitikiwa. Alisikia kwa masikio yake. Akaweka chini samaki aliowaleta, akaondoka bila kuaga, na ndiyo maana nilikuambia atakataa kuongea.

Siku moja mama alinishangaza. Nilikuwa namkata kucha. Akaniuliza kama nimechoka, nikasema kidogo. Akasema, bila kuniogopesha, kama anayesema habari ya hali ya hewa, "Miye niko na watoto wawili. Kuko mwenye anaitikaka, na kuko mwenye anapikaka."

Nikasimamisha wembe. "Na weye unapenda nani, mama?"

Alifikiri. "Mwenye anapika njo ananipa kuishi," alisema. Akanyoosha mkono mwingine nimkate kucha. Sikuthubutu kumwuliza yule mwingine anampa nini.

Alikufa kiangazi kilichofuata, jioni, baada ya kuumwa kifua kwa muda mfupi. Nilikuwa nimekaa kitandani, nimemshika mkono, mkono ule ulikuwa mwepesi. Wanawake wa mtaani walikuwa nje wanaimba polepole. Alikuwa hajasema kitu tangu asubuhi. Kisha midomo ikasogea, akaita. Aliliita lile jina kama alivyozoea, taratibu, mpaka mwisho wake.

Nilijua nilichoambiwa. Nilijua kabisa. Lakini alikuwa mama yangu na alikuwa anaondoka, na kama ni mmoja wetu achukuliwe kwa kuitika, nilisema moyoni basi nichukuliwe. Nikasema, "Niko, mama. Niko."

Na mlangoni, kwa wakati uleule, sauti yangu ikasema, "Niko, mama."

Mama akageuza uso. Mkono wake ulikuwa ndani ya mkono wangu, pumzi yangu ilikuwa juu ya shavu lake, naye akageuza uso kuelekea mlangoni. Akatabasamu. Akasema, "Umekuya kunichukua," na hakusema tena.

Tangu tulipomzika sijasikia sauti ile, si kwenye migomba wala mahali popote. Nadhani waliondoka pamoja. Wakati mwingine nawaza kwamba kwa namna fulani mama alipata mtu wa kumsindikiza, na yule mwingine alipata mtu wa kumwita, na ni mimi tu niliyebaki mikono mitupu. Mwaka jana nilisimama barazani jua likizama, nikaliita lile jina mwenyewe, kwa sauti. Hakuna aliyeitika. Nilisubiri nione kama mimi nitaitika. Sikuitika.

Sasa nawe, kama utakwenda kwenye mashamba yale, na kazi ipo, kila kiangazi wanatafuta watu, chuma, kula machenza, cheka na wenzako. Lakini ukisikia mtu gizani, au nyuma ya mlango, au chini ya mti ulioupanda, muulize ni nani, kisha ufunge mdomo. Hata kama unamjua. Hata kama umechoka na miguu imekufa. Usimsaidie kujibu. Jina si lako peke yako kulitoa, kuna mtu nyumbani analiita kila jioni, na huyo mtu ataitikiwa na yule utakayempa.